Bodi ya Dola 35 Inapofika Sebuleni

Kwenye karatasi mradi huu ni mwepesi. Unanunua kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, unaipa memori kadi yenye programu ya bure, unaichomeka kwenye TV kwa waya mmoja na kwenye umeme kwa waya wa pili, unaiunganishia diski yenye filamu, nyimbo na picha zako, basi, kazi imekwisha. Sebule inapata maktaba yake yenyewe. Haili bando, haidai malipo ya mwezi, na umeme inaotumia ni wa balbu ndogo. Hesabu hiyo imewavutia vijana wengi wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, nami nikiwamo. Kwa miaka kadhaa nimewafungia ndugu, majirani na marafiki wa ndugu, kisha nikawa narudi kwenye nyumba hizo, pengine kwa chai tu, pengine kwa sababu nimepigiwa simu kwamba kile kidude kimegoma. Katika kurudi huko nimeona kwamba ufungaji ndio sehemu fupi na rahisi ya kazi. Mradi hasa unaanza fundi akishaondoka.

Bodi yenyewe inafaa kuelezwa kwanza, maana nayo ni mradi uliofuata njia ambayo walioubuni hawakuipanga. Raspberry Pi ilibuniwa Cambridge, Uingereza. Eben Upton na wenzake waliona vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta chuoni wanapungua, na hata wanaofika hawana mazoea ya kuandika programu kama waliowatangulia. Mwaka 2009 wakaanzisha taasisi ya hisani, nia ikiwa kutengeneza kompyuta ya bei ya chini ambayo mtoto anaweza kuichezea, kuiharibu na kuitengeneza tena bila kugombezwa. Tarehe 29 Februari 2012 toleo la kwanza likaingia sokoni kwa dola 35, likiwa na kasi ya megahezi 700 na kumbukumbu ya MB 256. Bodi za awamu ya kwanza zilikuwa 10,000 hivi. Siku hiyohiyo tovuti za wauzaji zikaelemewa na wateja.

Wengi wa wateja hao walikuwa watu wazima, mafundi na wapenzi wa vifaa vya elektroniki, na mojawapo ya mambo ya mwanzo waliyoyafanya ni kuifunga nyuma ya TV. Sababu ilikuwa ndani ya chipu. BCM2835 ya kampuni ya Broadcom ilikuwa na sehemu dhaifu ya kufanya hesabu za kawaida, lakini sehemu yake ya picha iliweza kufungua video ya 1080p bila kukwama. Kwa kazi za ofisini bodi ile ilikuwa inajikokota. Kwa filamu ilikuwa inateleza.

Programu iliyowekwa juu yake nayo ilikuwa imehama kutoka kwingine. Kodi ilianza mwaka 2002 kwa jina la Xbox Media Player, kazi ya watu waliotaka mashine ya michezo ya Microsoft iweze kucheza filamu na muziki, jambo ambalo Microsoft haikulikusudia kwa namna ile. Ikaitwa XBMC kwa miaka mingi, na mwaka 2014 ikapewa jina la Kodi. Sam Nazarko akaitayarishia Raspberry Pi mfumo uliojulikana kama Raspbmc, ambao baadaye ulizaa OSMC. Mfumo mwingine, LibreELEC, ulijitenga na OpenELEC mwaka 2016. Hiyo miwili, OSMC na LibreELEC, ndiyo ninayoitumia mpaka leo, na ninapomfungia mtu asiyetaka kuhangaika namwekea LibreELEC.

Basi kifaa cha darasani kikaishia sebuleni, na programu ya mashine ya michezo ikaishia kwenye kila aina ya runinga. Bodi zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 60 kufikia mwaka 2024. Sioni ubaya wowote katika kuhama huko. Natamani tu wanaopanga miradi, iwe ya nyumbani au ya wizara, wakubali mapema kwamba watumiaji watakivuta kifaa kuelekea kwenye shida zao wenyewe, na waache nafasi ya hilo.

Nikifika kwenye nyumba yenyewe, kitu cha kwanza ninachozungumza na mwenye nyumba ni luku. Kompyuta kuukuu ya mezani inayotumia wati 80, ikiachwa wazi usiku na mchana kwa siku 30, inamaliza uniti 57.6. Tanzania ina daraja la watumiaji wadogo, D1, wanaolipa bei nafuu kwa sharti kwamba wastani wao usizidi uniti 75 kwa mwezi. Kompyuta ile moja, bila friji, bila pasi, bila taa, ingekuwa imeshakula zaidi ya robo tatu ya kiwango hicho, na familia ingejikuta imesukumwa kwenye bei ya juu. Raspberry Pi 4 inatumia wati 3 hivi ikiwa imetulia na karibu 5 ikicheza filamu. Tukiichukulia 5 muda wote, ni uniti 3.6 kwa mwezi. TV yenyewe, hata ile ya inchi 32, inatumia mara kadhaa ya hapo kila inapowashwa. Hesabu hiyo naiandika kwa kalamu mbele ya anayenunua umeme, si mbele ya kijana aliyeniita, kwa kuwa huyo anayenunua umeme ndiye ataamua kama kifaa kitabaki kimechomekwa au kitachomolewa wiki ijayo.

Baada ya hapo inakuja chaja, na hapa ndipo miradi mingi inapoanza kuumwa. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Sebuleni zipo chaja za simu tele, na kichwa kinaingia, kwa hiyo mtu anachomeka. Kifaa kinawaka, menyu inaonekana, kila mtu anafurahi. Halafu filamu inapofika mahali pa vurugu, picha inaganda, na kwenye kona ya juu kulia ya skrini kinatokea kialama cha radi cha rangi ya njano. Kialama hicho maana yake bodi inapokea chini ya volti 4.63. Nimeona familia zimekiona kwa miezi wakidhani ni nembo ya programu. Nimesikia pia watu wakilaumu umeme wa jioni kwamba ni mdogo. Lakini chaja hizi hukubali chochote kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo mara nyingi umeme wa ukutani hauna kosa. Mkosaji ni chaja dhaifu, au waya mrefu na mwembamba unaopoteza volti njiani kabla hazijafika kwenye bodi. Chaja sahihi ndicho kitu kidogo kabisa kwenye bajeti na ndicho kinachokatwa kwanza watu wanapobana matumizi.

Diski nayo inakula kutoka hapohapo. Milango yote minne ya USB ya Pi 4 kwa pamoja inaruhusiwa kutoa ampea 1.2. Diski ya nje ya kuzunguka, ile ndogo ya mfukoni, inaweza kutaka karibu ampea moja pale inapoanza kuzunguka. Ukiongeza kipokezi cha kibodi na flashi ya mgeni, bodi inajizima na kujiwasha yenyewe. Dawa ni kigawio cha USB chenye umeme wake, au diski isiyozunguka, ile ya SSD, ambayo mahitaji yake huwa madogo zaidi. Hili huwa halimo kwenye orodha ya manunuzi, na mtu anayeambiwa akinunue kigawio baada ya kulipia kila kitu huhisi ametapeliwa.

Kisha kuna kukatika kwa umeme. Mwongozo unasema: ingia kwenye menyu, chagua kuzima, subiri, ndipo uchomoe. Katika nyumba nilizozijua hakuna anayefanya hivyo, na sioni kwa nini alazimishwe. Mama mmoja wa Mbagala alinieleza utaratibu wake bila kupepesa: kabla ya kulala anazima switchi zote za ukutani, kwa sababu aliwahi kuunguza redio na feni usiku mmoja umeme uliporudi kwa kishindo. Utaratibu huo una busara na umeokoa vyombo vya watu wengi. Kwa hiyo kifaa ndicho kinachopaswa kuufuata. LibreELEC inasaidia kiasi, maana sehemu ya mfumo wenyewe haiandikwi wakati wa matumizi ya kawaida, lakini sehemu inayohifadhi mipangilio na orodha ya filamu inaandikwa, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, siku moja bodi itawaka isiende popote. Njia zilizofanya kazi ni mbili tu. Moja ni betri ya akiba inayoweza kutoa volti 5 na ampea 3 huku inachajiwa, na hizo si nyingi madukani. Nyingine ni memori kadi ya pili iliyonakiliwa kila kitu, imebandikwa kwa selotepu ndani ya kifuniko cha kasha, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: AKIBA. Mama yule wa Mbagala aliibadilisha mwenyewe, nikimwelekeza kwa simu, akatumia kibano cha nyusi kuitoa ile ya zamani. Nikasikia sauti ya menyu ikiwaka na watoto wakishangilia nyuma yake.

TV ni jambo la kupita haraka, ila kuna mitego mitatu. Pi 4 ina matundu madogo ya HDMI, kwa hiyo waya wa kawaida uliotoka kwenye king'amuzi hauingii mpaka upate kiunganishi, na kiunganishi hicho si kila duka la mtaani linacho. Nyumba yenye TV ya chogo bado inaweza kufungiwa Pi 4 kwa waya wa rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu, kupitia tundu la spika. Ila njia hiyo imezimwa kiwandani, lazima uiwashe kwenye faili la mipangilio, na uiambie bodi kwamba huku kwetu tunatumia mfumo wa PAL, la sivyo picha inaweza kutoka bila rangi. Waya nazo hazifanani: nyingine zimepangwa kwa kamera za zamani na video inatoka kwenye plagi isiyo ya njano. Pi 5, iliyotoka Oktoba 2023, haina tundu hilo kabisa. Mwenye chogo asiinunue.

Rimoti inastahili nafasi zaidi, kwa sababu nimeona miradi miwili yenye vifaa vilevile ikitofautiana kwa rimoti tu. TV nyingi za kisasa zina njia ya kuruhusu rimoti yake iongoze kifaa kilichochomekwa kwenye HDMI. Samsung huiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync, na mara nyingi inabidi uitafute kwenye mipangilio na kuiwasha. Ikikubali, mzee wa nyumba anabonyeza mishale ileile aliyoizoea na filamu inaanza. Isipokubali, na kwenye TV za bei nafuu mara nyingi haimo, watu wanaambiwa watumie simu kwa programu kama Kore. Vijana hawana shida. Lakini babu aliyezoea kushika rimoti mkononi, kuiweka chini ya mto na kuidai ikipotea, hawezi kuomba simu ya mjukuu kila anapotaka kusikiliza taarabu. Nyumba ambayo mzee hawezi kuwasha kifaa mwenyewe, kifaa hicho kinakuwa cha watoto, na cha watoto huwa hakitetewi siku kinapoharibika. Sasa kama TV haina njia hiyo nafunga kipokezi kidogo cha USB chenye rimoti yake. Ni gharama ndogo inayostahili kuliko kasha la kupendeza.

Tukija kwenye yaliyomo, Kodi imejengwa kwa kudhani kwamba filamu ina jina moja, mwaka mmoja, na ukurasa wake kwenye kanzidata ya kimataifa. Ukiandika faili kwa jina na mwaka kwenye mabano, programu inaitafuta huko, inaleta picha ya jalada, waigizaji na muhtasari, na skrini inapendeza. Kwa filamu ya Hollywood au ya Kihindi inafanya kazi vizuri. Lakini angalia kilichomo kwenye diski ya kawaida ya nyumba zetu: filamu ya mapigano iliyosimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, jina la faili likiwa na jina la msimulizi na namba ya simu ya duka; mawaidha ya Ramadhani; mechi ya Simba na Yanga ya zamani; kwaya; kaswida; na filamu za Bongo za enzi za marehemu Steven Kanumba, zilizouzwa sehemu ya kwanza na ya pili kwa DVD tofauti. Nilipoiachia programu itambue yenyewe, nyingi zilirudi bila jalada, na nyingine zikapewa jalada la filamu isiyohusiana nazo kabisa. Kwa mtumiaji huo ni uharibifu. Anaona kifaa hakijui mali yake.

Suluhisho lipo ndani ya Kodi yenyewe, ila halitangazwi sana. Folda ya vitu vya nyumbani unaiambia isitafute chochote mtandaoni, bali ioneshe folda kama zilivyo. Kwenye kila folda unaweka picha moja na kuiita folder.jpg, na hiyo inakuwa jalada. Filamu yenye sehemu mbili, faili zake unaziita kwa jina lilelile na kuongeza part1 na part2 mwishoni, nayo inaziunganisha kuwa moja. Kazi hii ya kupanga majina inachukua muda mrefu kuliko ufungaji wote, inachosha, na ndiyo inayoleta tofauti kati ya maktaba na jalala. Nashauri ifanywe na wenye nyumba wenyewe wakiwa wamekaa pamoja, kwa sababu wao ndio wanaojua kwamba faili linaloitwa MOV_0043 ni siku babu alipohama shamba.

DVD zina kisa chake. Video ya DVD imebanwa kwa mtindo wa MPEG-2, na bodi za mwanzo za Raspberry Pi hazikuwa na ruhusa ya kuufungua kwa chipu. Kuanzia 2012 ilibidi ununue ufunguo wa pauni 2.40 uliofungwa kwa namba ya bodi yako peke yake. Pesa ni kidogo, lakini mtu wa Tandika asiye na kadi ya benki ya kulipia mtandaoni angeulipiaje? Kwa hiyo kompyuta iliyosifiwa kwa kufungua video ya hali ya juu ilishindwa na DVD ya harusi. Pi 4 iliyotoka Juni 2019 ina nguvu ya kutosha kuifungua bila ufunguo, na suala hilo limekwisha. Nalitaja kwa sababu linaonesha wazi kwamba waliopanga walikuwa na aina yao ya video kichwani, na sisi tulikuwa na yetu.

Na aina yetu ndiyo iliyoshinda. Nilidhani, kama walivyodhani walioniita, kwamba kifaa kitatumika kwa filamu na tamthilia. Miezi ya mwanzo ndivyo inavyokuwa. Baadaye filamu zinachosha, watoto wanarudi kwenye simu, na kinachobaki kikifunguliwa ni kumbukumbu za ukoo. Shangazi yangu wa Tanga alikuwa na mikanda ya VHS ndani ya sanduku la bati: harusi, khitima, maulidi ya mtaani. Hewa ya pwani ilikuwa imeshaanza kuiotesha ukungu mweupe kwenye kingo za utepe. Tukapata deki iliyokuwa bado inazunguka, tukaiunganisha na kifaa kidogo cha kunasa video, na kwa kuwa mkanda unanaswa kwa mwendo wake uleule, mkanda wa saa tatu ulichukua saa tatu. Kwa megabiti 3 kwa sekunde, mkanda huo unatoa faili la karibu GB 4. Ukijumlisha sauti unakaribia kikomo ambacho flashi iliyoandaliwa kwa FAT32 haiwezi kukipita kwa faili moja, kwa hiyo diski ya maktaba inafaa iandaliwe kwa ext4 au exFAT tangu mwanzo.

Wanawake wa mtaa waliposikia, wakaja sebuleni kwa shangazi. Mkanda wa harusi ya binti yake mkubwa ulipofika mahali pa kumtoa bibi harusi nje, mmoja akasema, "Simamisha hapo, mwanangu." Nikasimamisha. Akasogea mpaka karibu na kioo, akamwonesha mjukuu wake mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama nyuma, kanga imemteleza begani, anacheka. Alikuwa mama yake, na hakuwa na picha yake nyingine akiwa anacheka. Kuanzia siku ile watu wakaanza kuleta mikanda yao. Shangazi akawa na folda kwa kila nyumba ya mtaa ule, na kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya filamu za Kihindi kikawa ghala la mtaa mzima.

Hapo ndipo swali la mtunzaji linakuwa zito. Kila mtambo niliofunga una mtu mmoja ndani ya nyumba anayeuelewa, na mara nyingi ni kijana wa sekondari. Akienda bweni, mtambo unakufa polepole: diski inajaa, mtu anafuta asichokijua, kadi inaharibika na hakuna wa kuibadilisha. Kwa shangazi tuliweka daftari la mistari, kwa Kiswahili, kwa mwandiko mkubwa: namna ya kuwasha, namna ya kuongeza faili kutoka kwenye flashi, kadi ya akiba iko wapi, picha ikiganda ufanye nini kwanza. Tukawafundisha watu wawili, mmoja akiwa mtu mzima asiyehama. Daftari lile lina madoa ya chai na limeongezwa mistari na mikono mingine. Kwangu hiyo ni dalili kubwa ya mradi hai kuliko taa ya kijani inayowaka kwenye bodi.

Mtandao wa ndani ya nyumba una faida moja ambayo watu hawaiamini mpaka waione. Ukiweka programu kama Jellyfin na kuiunganisha bodi na ruta, simu zote za nyumbani zinaweza kuangalia vilivyomo kwenye diski hata kama ruta haina bando hata la senti. "Kumbe haili bando!" ni maneno ninayoyasikia kila nyumba, na sijachoka kuyasikia. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, nyumba zenye maktaba yao ziliendelea kama kawaida. Shule zisizo na intaneti hutumia bodi hizihizi na programu ya Kiwix kusoma Wikipedia nzima bila mtandao. Kwa mwalimu anayefundisha mbali na mnara, huo nauona kuwa utumiaji bora zaidi wa Raspberry Pi, na unarudi karibu kabisa na ndoto ya Cambridge.

Si kila nyumba inauhitaji mradi huu. Anayetaka YouTube na taarifa ya habari tu, TV ya kisasa au king'amuzi kinamtosha, na kumfungia bodi ni kumwongezea waya. Ile bei ya dola 35 nayo isimdanganye mtu. Oktoba 2021, chipu zilipoadimika duniani, toleo la GB 2 la Pi 4 lilipandishwa kutoka dola 35 hadi 45, na juu yake kuna usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya. Ukiongeza chaja, kadi mbili, kiunganishi, kigawio na diski, bodi inakuwa sehemu ndogo ya gharama. Pi 4 iliyotumika, hata Pi 3, inatosha kwa video ya 1080p ya kawaida, na fedha inayobaki ina kazi nzuri zaidi. Kuhusu filamu za watu, haki ni ya waliozitengeneza. Wasanii wetu wamepoteza vya kutosha kwa kunakiliwa, na sijazi diski ya mtu kwa kazi isiyonunuliwa.

Anayepanga kuanza, ninamwomba jambo moja. Diski yoyote, ya kuzunguka au isiyozunguka, hufa siku moja, na kwa kawaida haitoi taarifa. Kabla ya kununua bodi, nunua diski mbili zinazolingana. Nakili kila kitu kwenye ya pili, iandike tarehe, kisha ipeleke ikae kwenye nyumba nyingine ya ukoo.